Chaneli ya Kumi na Tatu

Mwalimu Lugembe aliiweka mezani kwangu, Nyakato,
kwa mikono miwili, kama analeta mtoto mwenye homa.
"Simu yangu inauona mtandao wa shule," akasema.
"Simu ya mlinzi inauona.
Hii peke yake inapepesa macho."

Ilikuja na kontena, kompyuta hii,
stika ya maktaba fulani imebanduliwa nusu.
Kadi ya redio nzima. Antena zote mbili zimeshika.
Nikauliza mfumo endeshi swali moja, kwa herufi nyeupe
kwenye skrini nyeusi: uko nchi gani?
Ukajibu: Marekani.

Ah.
Huko masafa haya yamepimwa kama viwanja,
chaneli ya kwanza hadi ya kumi na moja, hapo uzio.
Na ruta ya shule niliifunga mwenyewe, wakati wa vuli,
nikaipandisha hadi kumi na tatu
kwa sababu huku chini ni soko la Kirumba asubuhi:
saluni, duka la dawa, wakala wa pesa, kanisa la mabati,
wote wanapayuka kwenye sita.
Kumi na tatu palikuwa na upepo.

Kumbe si kipofu. Ni mtiifu.

Mfumo una kijitabu tumboni,
nchi kwa nchi, herufi mbili mbili:
masafa yapi, nguvu kiasi gani, wapi unyamaze ukisikia rada.
Usipojua uko wapi unaandika sifuri mbili,
maana yake popote,
na popote ni mahali pa woga.
Hapo mashine haianzi mazungumzo,
inatega sikio mpaka mwenyeji aseme.
Waliotuambia tufumbe jicho kwa wenye chongo
hawakuwahi kuona kompyuta.

Nikaandika TZ. Nikabonyeza.
Mwalimu alisubiri nyuma ya bega langu na harufu yake ya chaki.
Haikukataa. Haikukubali pia.
Kiwandani walishaichoma nchi yao ndani ya kadi,
na mfumo ukipewa amri mbili hauulizi nani mkubwa,
unashika kile tu ambacho zote mbili zimeruhusu,
kama mtoto wa wake wenza
anayekula chungu ambacho hakuna mama aliyekikataza.
Kumi na moja. Pale pale.

Nikamkumbuka kaka yangu Masalu.
Miaka tisa Minnesota, amerudi tangu Pasaka,
Kisukuma chake chote amerudi nacho,
ila akitaka kuvuka Barabara ya Kenyatta
anatazama kushoto kwanza.
Juzi pikipiki imempangusa mkono wa shati.
Tumemwambia. Anajua.
Shingo haijui.

"Naweza kuidanganya," nikamwambia Mwalimu.
"Kuna vijana wana dawa yake."
Akauliza kama kuna mtu ataumia.
Kwa kumi na tatu, nikasema, hakuna.
Lakini mlango ni huo huo mmoja,
ukishauvunja unaingiza na mengine.
Nje, ndege ya mchana ilikuwa inashuka juu ya ziwa,
chini kabisa, mpaka mawe yanaonekana kuinama.
Hatukuzungumza mpaka ikatua.

Basi tukaenda shuleni.
Nikapanda dawati la kidato cha pili,
nikaishusha ruta hadi kumi na moja, jirani na kelele.
Jina la shule likatokea kwenye kioo.
Mwalimu akacheka kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Sasa saluni ikifungua, saa nne,
mtandao unakohoa kidogo. Hajanilalamikia.

Na Masalu, tukienda mjini,
mimi natembea upande wake wa kulia.